Jogoo wa Kaburini

Nchi ninayotaka kuwahadithia haipo. Nimeulizia posta, na yule binti wa dirishani, mpole sana, alinitafutia mpaka kwenye kitabu cha nauli za vifurushi, akaniambia, "Bibi, haipo." Kwa hiyo asije mtu akasema nimemsema yeye. Kama waziri wa kwenu naye ana mtu wa kumshikia mwavuli na mwingine wa kumshikia miwani, imetokea tu, na mimi namtakia afya njema.

Nchi hiyo inaitwa Jamhuri Tukufu. Ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine, nayo haipo, inaitwa Jamhuri Tukufu Zaidi. Sisi wa kando ya mto hatukujua kuwa ni nchi mbili mpaka tulipoletewa bendera. Upande huu tuko Wakunde, upande ule wako Wambaazi, na sisi kwa sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani, kwa asiyejua, ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana mbele za watu nawe usikasirike. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, wasije wakamfuata marehemu kwa huzuni. Ni kazi nzuri, ila haina mshahara.

Mtani wangu mimi ni Sikudhani, Mmbaazi wa ng'ambo. Tangu tukiwa wasichana ananiambia nina masikio kama ya popo. Nilipofiwa na mume wangu, alivaa suruali ya marehemu akanikimbiza nayo uani mpaka nikacheka. Sijamsahau kwa wema huo.

Sasa, alifariki Mzee Lipande wa kijijini kwetu. Alifariki vizuri, usingizini, akiwa ameshiba. Mpwa wake alikuwa Mheshimiwa Ngowela, Waziri wa Ulinzi na Heshima, na Mheshimiwa akaamua mjomba azikwe kitaifa. Ikaletwa bendi ya matarumbeta. Likatandikwa zulia jekundu mpaka ukingoni mwa shimo. Wakaja mabalozi na watu wa televisheni. Tuliletewa hata viti sisi wanawake wa kijiji, na ingawa mabalozi walipofika tulinyang'anywa, tulikuwa tumeshavikalia kidogo.

Sikudhani akavuka mto na Wambaazi wenzake. Alikuwa amejipaka majivu usoni, blauzi ameigeuza nje ndani, na alichechemea kwa goti lile lile bovu la Mzee Lipande. Wajane walimwona wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akapita juu ya zulia, akashuka kaburini, akajilaza chali, akakunja mikono.

"Hapa pangu!" akapiga kelele kutoka chini. "Lipande akatafute pengine! Sitoki bila jogoo!"

Ndivyo desturi ilivyo. Mtani analala kaburini anadai jogoo, nyinyi mnampa yai, anawatukana, mnamtukana, mwishoni jogoo anashuka na mtani anapanda. Haicheleweshi hata dua. Mimi mwenyewe nilikuwa na jogoo tayari kwapani, wa madoadoa.

Lakini pembeni ya kaburi alisimama Afisa Itifaki, kijana aliyepigwa pasi vizuri, aliyesomea nchi za mbali namna ya kuzika wakubwa. Maskini, hakuwahi kuzika wadogo. Akamnong'oneza Waziri, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, tulisikia sote.

"Mheshimiwa, raia wa kigeni ameingia katika ardhi ya Jamhuri, ameikalia, na anatoa masharti."

"Ameikalia?"

"Kwa usahihi, Mheshimiwa, ameilalia."

"Hiyo ni mbaya zaidi," akasema Waziri, akashika kipaza sauti. "Jamhuri Tukufu haitoi jogoo! Haijawahi kutoa jogoo! Leo tukitoa jogoo, kesho watadai ng'ombe, na keshokutwa watadai wilaya!"

Mabalozi wakapiga makofi, maana walikuwa wameelekezwa kupiga kila anapovuta pumzi.

Nikasogea. "Mheshimiwa mwanangu, jogoo ni wangu. Ninaye hapa. Ngoja nimpe tu."

Akanitazama kwa huruma nyingi. "Bibi, tunajua umetishwa. Usiogope, serikali ipo." Akaamuru jogoo achukuliwe kama kidhibiti. Askari wawili wakamfunga miguu, wakampakia kwenye gari lenye king'ora.

Sikudhani naye alitolewa kaburini na askari wanne. Mmoja wao, Mungu amzidishie, alimpangusa mchanga mgongoni na kumrudishia kandambili. Mzee Lipande hakuzikwa. Kaburi lilizungushiwa utepe wa njano kwa kuwa sasa lilikuwa eneo la mgogoro, na marehemu akarudishwa mjini kwenye jokofu.

Jioni ile redio ya ng'ambo ikatangaza kuwa bibi mmoja wa Jamhuri Tukufu Zaidi amezikwa hai, akafukuliwa, na akatukanwa. Rais wao akadai aombwe radhi, na apewe jogoo. Wetu akajibu kuwa radhi labda, jogoo kamwe.

Hapo ndipo marafiki walipoingia. Dola ya Mashariki ilikuwa na mkataba nasi kwamba tukitukanwa, yenyewe itaumia. Dola ya Magharibi ilikuwa na mkataba kama huo na wenzetu. Zote mbili zilisema hazipendi vita, na zikaleta mizinga kuonyesha zisivyovipenda. Nchi ya Vilimani, ambayo haikuwa na ugomvi na mtu, ilitangaza vita dhidi ya pande zote mbili ili isionekane ina upendeleo.

Waziri Ngowela alitutangazia vita kwenye televisheni saa ya kipindi cha mapishi. Aliomba radhi kwa kukatiza, akatangaza haraka haraka, na akaturudishia kipindi ili tuone maandazi yalivyotoka. Si kila waziri angekumbuka.

Wakamchukua mjukuu wangu Hemedi. Nilimlea mimi tangu mama yake alipofariki, na alikuwa fundi cherehani, ana mke na mtoto wa kunyonya. Walimchukua akashone vifungo vya sare. Vifungo vilipokwisha wakampa bunduki. Wiki ile ile alikamatwa akichota maji mtoni, akawekwa kambi ya mateka ng'ambo. Sikudhani naye alikuwa na mwanawe wa mwisho, Shomari, mpiga zumari harusini. Huyo alikamatwa upande wetu akitafuta zumari lake.

Vita vyenyewe sivisimulii. Waliokufa ni wengi, na wote nilikuwa nawajua, au nawajua mama zao.

Vilipokwisha, wakubwa wakatia saini mkataba wa kusitisha mapigano. Ulikuwa na kifungu kimoja kilichosifiwa sana: mateka wote watarudishwa makwao na yule aliyeanzisha vita, kwa gharama na usumbufu wake mwenyewe. Kila nchi ilikipigia makofi, kwa kuwa kila nchi ilijua aliyeanzisha ni mwingine. Basi mateka wakakaa.

Na walikaa bondeni. Kambi zote mbili zilijengwa kwenye majaruba ya mpunga, yetu upande huu na yao upande ule, mahali ambapo masika yakinyesha maji yanampita mtu mrefu kichwani. Waliochagua walikuja wakati wa kiangazi, wakaona tambarare, wakapapenda. Nilimwendea mkuu wa kambi yetu, baba mmoja mwenye adabu aliyekuwa akiniamkia kila siku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hao vijana wahamishieni kule kilimani kabla ya mvua."

"Bibi, natamani. Lakini maagizo yanasema ukimhamisha mateka hata hatua moja, umekiri kuwa wewe ndiye uliyeanzisha. Mimi nina familia."

Nikawa napika kunde, nampelekea Shomari. Sikudhani naye, bila ya kuambizana, akawa anapika mbaazi za nazi anampelekea Hemedi wangu. Salamu zetu zilipelekwa na askari walinzi, waliokuwa wakikutana katikati ya daraja. Siku ya kwanza alikuja koplo mmoja wa kwetu kutoka darajani, akasimama wima mlangoni kwangu, akapiga saluti.

"Ujumbe kutoka kwa Bi Sikudhani! Anasema: wewe mwenye masikio ya popo, mjukuu wako anakula kama kiwavi! Shati lake nimelishona begani, maana fundi mwenyewe hajui kushona! Mwisho wa ujumbe!"

Nililia kwa furaha. Nikamkalisha, nikampa chai, nikamwambia, "Mjibu hivi: mwanao ana miguu ya kuku na kikohozi cha mbuzi. Kikohozi nimekipaka mafuta ya mkaratusi, miguu siiwezi."

Koplo akarudia neno kwa neno asije akakosea, akaenda mbio.

Mkutano Mkuu wa Kugawana Lawama ulifunguliwa juu ya daraja, meza ikiwa katikati kabisa ili nchi yoyote isisemwe kuwa mwenyeji. Mwenyekiti alikuwa Profesa Rubeya, kutoka nchi ambayo haikupigana kwa kuwa ilikuwa bado inatazama nani atashinda. Wanawake wa pande zote mbili tuliombwa kupeleka chai, kila mtu kwenye ncha yake ya daraja, tusionane. Ndiyo maana niliyasikia.

Balozi wa Mashariki alisema, "Sisi tulileta mizinga, hatukuleta vita. Mizinga yetu ilipofika ilivikuta."

Balozi wa Magharibi akasema, "Ya kwetu ilifika baadaye, tena imechoka."

"Sisi tulikuwa tunazika tu," akasema Waziri Ngowela.

"Hamkuzika!" akaruka waziri wa ng'ambo. "Marehemu yuko kwenye jokofu!"

Profesa akawatuliza. Akashauri lawama igawanywe kwa ukarimu, kama watu wanaokula pilau kwenye sinia moja, kila mtu amege palipo mbele yake. Wakaafiki. Mashariki ikamega punje. Magharibi ikasema imeshiba. Waziri Ngowela akakubali kuwa huenda, kwa mbali, siku ile bendi ilipiga kwa sauti ya juu. Jua lilipokaa utosini, lawama karibu yote ilikuwa bado katikati ya sinia, na hakuna aliyeigusa. Wakaenda kula. Pilau lenyewe walilimaliza, wakaomba na ukoko.

Siku nyingi zilipita hivyo. Kisha mtu mmoja, sijui nani, akasema kwamba pale darajani patajengwa mnara wa kumbukumbu, na mataifa yaliyohusika na kuanza kwa vita yataandikwa kwa herufi za dhahabu.

Nilikuwa namimina chai. Nilipofika mwisho wa meza, dunia ilikuwa imegeuka.

"Bila ya mizinga yetu," akasema balozi wa Mashariki, "ule ungekuwa ugomvi wa kuku."

"Mizinga gani? Ile ya kutu?" akasema wa Magharibi. "Risasi ya kwanza ilikuwa yetu. Ninayo picha."

Waziri Ngowela akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Kaburi lilikuwa letu! Jogoo alikuwa wetu! Hakuna nchi iliyoanza kabla ya Jamhuri Tukufu!"

"Aliyelala kaburini alikuwa wetu!" akajibu wa ng'ambo. "Nyinyi mlisimama tu mkikodoa macho!"

Mjumbe wa Vilimani, bwana mdogo mwenye medali kubwa, alisimama huku machozi yanamtoka. "Waheshimiwa, watoto wetu wasome historia ambayo sisi hatumo? Tunaomba sehemu, hata ndogo! Sisi tulipigana na wote!"

Nilimhurumia, nikamwongezea sukari.

Majenerali walikuwa wameanza kufunga kamba za viatu ndipo tone la kwanza likaanguka juu ya kitambaa cha meza. Huko milimani mvua ilikuwa imeshanyesha kucha. Nilichungulia chini ya daraja, nikaona mto umekuwa mwekundu na umebeba magogo. Ng'ambo, kule kambini, maji yalikuwa yameshaingia chini ya seng'enge, na vijana wamepanda juu ya vitanda. Hemedi alikuwa amenyanyua viatu vyake mkononi. Aliponiona akanipungia, kama mtu anayepunga kutoka dirisha la basi.

Nikamfuata Profesa. "Mwanangu, maji."

Akanipa mwavuli wake. Alidhani najiombea mimi. Lakini aliniona nilivyobaki nimesimama, akafuata macho yangu mpaka bondeni, na uso ukambadilika. Alikuwa mtu mwema, hakujua tu aupe wema wake kazi gani.

"Tumalize kwa mashahidi," akawaambia wakubwa. "Waitwe wale waliokuwapo kaburini."

Wakamleta Sikudhani kutoka ncha yake ya daraja. Hatukuwa tumeonana tangu siku ya mazishi. Alikuwa amekonda, na mimi nadhani nilikuwa vivyo hivyo. Tukatazamana. Nikaona midomo inamcheza, nikajua anachotaka kufanya, na sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda wakati ule.

"Mama," akauliza Profesa, "kwa maoni yako, nani ameanzisha vita hivi?"

"Mkunde huyu!" akanyoosha kidole. "Tazama masikio yake! Nilimdai jogoo, akajivuta kama konokono. Kaua watu kwa uvivu!"

"Ni kweli," nikasema. "Nimevianzisha mimi, nilipomaliza kuosha vyombo. Na ule ukame wa mwaka juzi pia ni mimi, nilikuwa naanika mihogo."

"Mwongo mkubwa! Mkunde hawezi kuanzisha hata moto wa mkaa! Vita ni vyangu. Nimevilalia mwenyewe kaburini mpaka vikaanguliwa!"

"Nusu ni vyangu, Mmbaazi we, usininyang'anye!"

"Haya, chukua nusu, mlafi! Nusu nyingine mimi! Na nzige je?"

"Nzige tuwaache, wana wenyewe."

Wakubwa walitazamana. Nilimwona balozi wa Mashariki akipiga hesabu usoni: herufi za dhahabu angezikosa, lakini wa Magharibi naye angezikosa. Na wa Magharibi alikuwa akiwaza hayo hayo, na wote hivyo hivyo kuzunguka meza. Mjumbe wa Vilimani peke yake ndiye aliyeguna.

"Nusu na nusu," akasema Profesa taratibu, "inatimia."

Ikapitishwa kwa kauli moja. Sikudhani na mimi tukatangazwa kuwa chanzo pekee cha vita, na mataifa yote yakapeana mikono kwa kutokuwa na hatia. Bendi ikapiga. Sisi hatukusubiri. Tulikuwa tumeshashika njia ya bondeni, yeye kushoto kwenda kwa Shomari upande wetu, mimi kulia kwenda kwa Hemedi upande wao.

Mlinzi wa lango alikuwa ndani ya maji mpaka magotini. "Bibi, kwa amri ya nani?"

"Ya aliyeanzisha vita."

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi. Fungua."

Akapiga saluti, akafungua. Wakatoka wote, wengine wakishikana mashati. Hemedi alitoka wa mwisho, maji kiunoni, amembeba mwenzake mgonjwa mgongoni.

"Bibi," akaniambia, "ati umeanzisha vita?"

"Nimeanzisha. Vaa viatu."

Usiku ule mto ulizichukua kambi zote mbili pamoja na vitanda. Havikuwa na watu.

Basi tukawa wakosaji, na tunatendewa kama wakosaji. Kila mwaka tume ya kimataifa inakuja kukagua jiko langu nisije nikajiwekea silaha upya. Walichukua kisu cha nyama. Mwiko waliujaribu kwa kumpiga karani begani, wakaona wauache. Wanakunywa chai, wananisaidia kuosha vikombe, wanaenda zao.

Mwisho ikabidi Mzee Lipande azikwe. Utepe wa njano ukaondolewa, marehemu akaletwa, likaja tena zulia, wakaja mabalozi, wakaja majenerali, akaja Profesa na mkoba wake. Hemedi alisimama karibu nami na mwanawe begani, amevaa lile shati lililoshonwa na Sikudhani.

Na Sikudhani akaja, majivu usoni, akashuka kaburini, akalala chali. Mtani hawezi kumruka marehemu kwa sababu ya siasa.

"Sitoki bila jogoo!"

Waziri Ngowela sasa alikuwa ameelimika. Akatabasamu kwa kamera. "Apewe jogoo! Kileteni kile kidhibiti!"

Afisa Itifaki akatazama viatu vyake. Kidhibiti kilikuwa kimepotea ghalani siku ya sikukuu ya taifa, na mara ya mwisho kilionekana kikiwa na viazi.

Waziri wa ng'ambo akakunja uso. Balozi wa Mashariki akamtazama jenerali wake. Balozi wa Magharibi akamtazama wa kwake. Profesa akaanza kufungua mkoba. Na ofisa mmoja wa jeshi letu, mtu mpole tu, akageuka akamwangalia Hemedi mabegani, hivi na hivi, kama mtu anayekadiria sare.

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile tangu nilipokuwa msichana. Nilikimbia mpaka bandani kwangu, na bandani majogoo wote walikuwa wameshakwenda na majeshi. Alibaki kuku jike mmoja mzee, mweupe. Nikamkwapua, nikarudi nahema, nikapita juu ya zulia na kandambili zenye matope, nikamshusha kaburini.

Sikudhani akampokea. Akamtazama yule kuku, akampapasa kichwani pasipo na kilemba. Akanitazama mimi. Akamtazama Hemedi, na lile shati, na mtoto juu ya bega. Pale juu hakuna mkubwa aliyekuwa akipumua, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyejua kuku.

"Jogoo mzuri sana huyu," akasema kwa sauti ya kusikika. Akatoka.

Tukamzika Mzee Lipande.

Keshokutwa yake yule jogoo alitaga. Sikudhani alinitumia lile yai kwa mkono wa yule koplo, na hajamwambia mtu.